Usiache vidonge kwa sababu ya mizani

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako niliusikiliza usiku, na asubuhi nikaurudia. Unasema tangu uanzishiwe vidonge vya presha mwili umezidi kukujaa, sketi hazifungi, na umeamua kuzipumzisha dawa kwanza mpaka upungue, ndipo uone kama bado unazihitaji. Nimeona nikuandikie, maana kwa simu utanikatiza, nami nitapaza sauti, na presha itakayopanda hapo itakuwa yangu.

Hilo la kuzipumzisha tulimalize kwanza. Usiziache. Kupungua mwili ni kazi ya miezi, na miezi hiyo yote damu itakuwa inasukuma kuta za mishipa kwa nguvu ileile, iwe unasikia kitu au husikii. Tena zipo dawa ambazo kuzikatisha ghafla ni hatari kwenyewe. Zile zinazopunguza mapigo ya moyo, jamii ya atenololi na metoprololi, ukizikata siku moja moyo unaweza kwenda mbio na kifua kubana. Klonidini ndiyo mbaya zaidi: presha huweza kurudi juu kuliko ilivyokuwa kabla hujaanza kuimeza. Dawa ya presha hupunguzwa kwa ngazi, na anayepunguza ni daktari.

Sasa twende kwenye hoja yako kwamba vidonge ndivyo vinavyokunenepesha. Hujakosea kabisa, wala hujapatia. Chukua pakiti, achana na lile jina kubwa la biashara, tafuta jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo chini yake, utazame linaishia vipi.

Likiishia na "olol", basi malalamiko yako yana msingi. Dawa hizo humtuliza mtu moyo, mwili ukatumia nguvu kidogo kuliko kawaida, na mwenyewe akachoka upesi, akawa anakaa zaidi kuliko zamani. Uzito unaoongezeka lakini ni kama kilo moja hivi, mara nyingi katika miezi ya mwanzo, kisha husimama. Hizo kilo saba unazonihesabia hazikutoka humo zote, na hilo unalijua. Hata katika jamii hiyohiyo zipo zenye unafuu, kama karvediloli na nebivololi. Muulize daktari kama una sababu maalumu ya kuwa kwenye hiyo uliyo nayo. Wengine wanayo: moyo uliowahi kuugua, mapigo yasiyo na mpangilio, kipandauso. Kama wewe huna, kuomba ubadilishiwe si utovu wa adabu.

Likiishia na "dipine", yaani amlodipini na ndugu zake, unachokiona huenda si unene. Jioni, ukivua viatu, bonyeza kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo cha mguu, hesabu taratibu mpaka kumi, kisha ondoa kidole. Kikiacha shimo, hayo ni maji. Utajinyima chakula mpaka ukonde shingo na miguu itabaki imejaa, kwa sababu uvimbe huo unaletwa na dawa inavyolegeza mishipa midogo, haukuletwa na sahani. Hupungua dozi ikishushwa, au daktari akiiambatanisha na dawa ya jamii nyingine. Ila uvimbe ukija na kukosa pumzi ukilala chali, au mizani ikapanda kilo mbili na zaidi kwa siku chache, usiseme ni kidonge. Nenda hospitali siku hiyohiyo, maana moyo wenyewe unaweza kuwa umeelemewa.

Zinazoishia na "pril" na "sartan" hazina ugomvi na uzito. Hizo za "pril" huwapa baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichokoma. Lakini hapa nasema kama mama: kama wewe na mumeo mna mpango wa mtoto, daktari alijue hilo kabla hujashika mimba, kwa sababu aina zote mbili humdhuru mtoto tumboni.

Kisha kuna dawa za kukojosha, na hizi ndizo zinazonitia wasiwasi kwa mtu mwenye haraka kama wewe. Wiki ya kwanza mizani inashuka, mtu anafurahi, anasimulia watu. Kilichotoka ni maji na chumvi. Mafuta yapo palepale yalipokuwa. Nimewaona waliozigeuza dawa za kukondea, wakaongeza kidonge juu ya kidonge. Potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu, ikishuka, misuli ya miguu hukaza usiku hadi mtu anaruka kitandani, na moyo nao ni msuli. Ikiwa unameza dawa hizi, punguzo la wiki mbili za mwanzo usilitie maanani. Anza kuhesabu baada ya hapo.

Haya, kupungua kwenyewe kunaleta nini? Kwa wastani kila kilo moja inayotoka huishusha ile namba ya juu ya presha kwa milimita moja ya zebaki hivi. Ni kidogo ukiitazama peke yake, lakini kilo nane au kumi hukaribia kazi ya kidonge kizima. Kwa hiyo simwelewi anayesema achague moja, dawa au kupungua. Vinafanya kazi pamoja. Ila usiniwekee ahadi kwamba ukifika uzito fulani utavitupa. Wapo wanaofika hapo. Baba yako hajawahi kuwa mnene maishani mwake na presha anayo, na wewe ni mtoto wake.

Sasa jambo ambalo naona wengi hawaambiwi mapema. Dozi uliyopewa ilipangwa kwa presha ya mwili ulio nao leo. Ukipungua, dozi ileile inaweza kuwa nyingi. Utalijua asubuhi unapoinuka kitandani: macho yanaingia kiza, unashika ukuta. Au unatoka kuoga maji ya moto, kichwa kinakuwa chepesi. Watu husema ni njaa ya mlo mpya, wakavumilia, mpaka wakaanguka wakavunja mkono. Likikutokea, kaa, pima presha ukiwa umekaa, kisha simama na upime tena baada ya dakika moja, na tena ikifika ya tatu. Namba ya juu ikianguka kwa 20 au zaidi uliposimama, au ikawa chini ya 100 huku unajisikia vibaya, mpigie daktari siku hiyo, usingoje tarehe ya kliniki. Atapunguza moja, mtasubiri wiki kadhaa, mtapima tena. Hiyo ndiyo njia halali ya kuachana na vidonge, na ndiyo ninayokuombea.

Ili afanye hivyo anahitaji namba za kweli, na namba zako siziamini, samahani. Ile picha uliyonitumia ulikuwa umekaa ukingoni mwa kitanda, mkono unaning'inia, mkanda wa mashine ya presha umefungwa juu ya sweta. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini bila kuikunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi. Kabla ya hapo nenda chooni, usiwe umekunywa kahawa wala kutoka mazoezini ndani ya nusu saa, na utulie dakika tano bila kuongea, na simu uiweke mbali. Pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati, asubuhi kabla ya vidonge na tena jioni, kwa wiki moja kabla ya kumwona daktari. Mizani mara moja kwa wiki inatosha, asubuhi, ukishatoka chooni na kabla ya kula. Andika zote mbili kwenye daftari moja, ukurasa mmoja, ili daktari azione zikienda sambamba.

Kuhusu kula sitakuchosha. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Anayeshuka upesi kuliko hapo sana anapoteza maji na misuli, na juu ya dawa za presha ndiye anayezimia. Chumvi ndiyo ya kushughulika nayo kweli. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko cha chai hivi, na humo imehesabiwa ile iliyofichwa kwenye mkate, soseji na vyakula vya makopo. Wewe utaniambia huongezi chumvi mezani. Najua. Geuza kopo usome. Na zile chumvi mbadala zinazosifiwa kuwa salama kwa wenye presha, nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu. Ukiwa kwenye "pril" au "sartan" potasiamu inaweza kupanda mno, na moyo haupendi iwe juu kama usivyopenda iwe chini. Usizitumie bila kuuliza.

Kuna utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 1997, unaitwa DASH, ambao naupenda kwa sababu moja. Watu walilishwa matunda na mboga kwa wingi na maziwa yasiyo na mafuta mengi, chumvi haikupunguzwa, uzito wao ukaachwa vilevile kwa makusudi, na presha ikashuka hata hivyo. Kwa hiyo wiki ambayo mizani imegoma kabisa, usidhani umekula mboga za bure.

Mazoezi: dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka, uzigawe utakavyo. Ila kama upo kwenye "olol", ile saa yako ya mkononi inayokudai mapigo yafike namba fulani usiitii. Dawa imeyazuia mapigo yasipande. Utajitesa bure ukiikimbiza namba hiyo. Tembea kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Na ukimaliza usisimame ghafla wala usiketi papo hapo, punguza mwendo kwanza, la sivyo kizunguzungu kile kitakupata njiani.

Lililobaki nalisema kwa ukali kidogo. Usinunue vidonge vya kupunguza mwili vinavyotangazwa mitandaoni, hata wakikuapia ni mitishamba mitupu. Sibutramini, dawa ya kukondea, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza shambulio la moyo na kiharusi, na tangu hapo imekutwa mara nyingi imechanganywa kwa siri ndani ya hizohizo "mitishamba". Zipo nyingine zinazokata hamu ya kula kwa kuuamsha mwili wote, presha nayo ikaamka. Sindano hizi mpya, za semaglutidi na wenzake, ni habari nyingine: zinapunguza uzito kweli, na presha huweza kushuka pamoja nao. Kama daktari ataona zinakufaa, sina neno. Lakini anayekuandikia sindano na anayekuandikia vidonge vya presha wajuane, maana zikikutapisha au kukuharisha siku mbili huku unaendelea kumeza dawa ya kukojosha na "pril", figo zinaweza kuumia. Siku ukitapika au kuhara sana, piga simu uulize uzisimamishe zipi mpaka upone.

Na maumivu ya magoti utakayopata ukianza kutembea usiyatibu kwa ibuprofeni wala diklofenaki kila siku. Hupandisha presha na hushika maji mwilini. Utatembea wiki nzima na mizani ikuoneshe umeongezeka.

Nitumie picha ya pakiti zote, pande mbili, jina la dawa na miligramu zionekane. Kisha chukua futi ya fundi cherehani, pima mzunguko wa mkono wako katikati ya bega na kiwiko, uniandikie ni sentimita ngapi. Mkanda uliokuja na mashine yako naona ni mdogo, na mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ukweli. Inawezekana sehemu ya presha inayokutisha imo humo kwenye mkanda. Nikipata hizo sentimita nitakutafutia unaokutosha, uanze kuandika upya.

Msalimie mumeo.

Mama