Kwa kaka yangu aliyeko Detroit

Kaka, video zako zote nimezitazama. Ile ya stesheni ya Michigan Central niliirudia mpaka bando likaisha. Sikatai, imependeza. Treni ya mwisho iliondoka pale 1988, jengo likabaki gofu, wezi wakalichambua mpaka Ford walipolinunua 2018, na Juni 2024 milango ikafunguliwa tena. Kilichonigusa zaidi ni ile saa kubwa iliyoibwa. Aliyekuwa nayo aliposikia jengo linatengenezwa, akapiga simu bila kutaja jina na kusema mahali pa kuichukua.

Chini ya video ukaandika, "Watu wa Lamu mjifunze." Mbele ya jamaa na majirani wote. Basi na mimi nakujibu mbele yao.

Nimejifunza. Huo mji wako ulifilisika Julai 2013, ukidaiwa kama dola bilioni 18, na taa nyingi za barabarani zilikuwa haziwaki. Wadai wakalitupia jicho jumba la sanaa, Detroit Institute of Arts, na michoro ikatiwa bei, ya Van Gogh ikiwamo. Haikuuzwa hata mmoja. Mashirika ya wakfu (naam, wakfu, hata huko wanazo), serikali ya jimbo na jumba lenyewe wakaahidi zaidi ya dola milioni 800 kwa miaka 20. Fedha zikaenda kwenye pensheni za wazee waliolifanyia jiji kazi, michoro ikabaki ukutani. Wazee hawakusalimika kabisa, wengi wao walipunguziwa asilimia 4.5, na wako waliopoteza nyumba kwa kodi ambayo jiji liliwatoza kupita kiasi. Hayo kwenye video zako siyaoni. Lakini 2023 watu wakaanza kuongezeka, mara ya kwanza tangu 1957.

Mji uliokuwa hauna pesa ya taa ulikataa kuuza urithi wake. Wewe una mshahara wa dola, ukauza nyumba yetu ya Mkomani, hapa Lamu, na mama yumo.

Usiniambie boriti zilikuwa zimeoza. Zilikuwa zimeoza, ndiyo. Boriti hubadilishwa! Aliyenunua alileta mafundi wa papa hapa, wale wale tuliosoma nao chuoni, wakatoa mbovu, wakapiga lipu ya chokaa, wakazisafisha zidaka, vile vishubaka vya ukutani, moja moja. Ulisema haiwezekani. Iliwezekana kwa pesa ambayo wewe, mimi na ami tungeichanga kidogo kidogo.

Na kuuza kwenyewe ningekusamehe. Fungu lako la urithi wa baba ni mara mbili ya langu, hiyo ni sheria ya Mungu na sina neno nayo. Ila siku ile, kaka. Mama yuko edani, hata ami alikuwa akisalimia kutoka tekani, pale mlangoni. Wewe ukamleta mwanamume mgeni mpaka ndani, na futi yake na kamera. Ukasema, "Dakika moja tu, mama, jifunike." Akajivutia shuka usoni, tasbihi ikaanguka chini ya kitanda. Yule mgeni anapima ukuta kwa ukuta, wewe unacheka naye kwa Kiingereza, kisha ukanipa mimi ncha ya futi niishike.

Niliishika. Wewe ndiwe mkubwa, mgeni yuko mbele yetu, na ningepiga kelele ningemzidishia mama aibu. Na nilitia sahihi kwa sababu dawa zake zilikuwa za kila mwezi na hapa niko peke yangu. Asije mtu akasema tuliuza sote sawasawa. Si sawasawa.

Najua ulilipa hospitali ya Mombasa. Najua hukukosa kumpigia hata Ijumaa moja, na akishakuzungumza alikuwa anakula vizuri. Ulivyolia kwenye simu siku tuliyomzika sijasahau. Wala ule mkebe wa halua na paka wa bi mkubwa, nikikumbuka hucheka peke yangu jikoni.

Lakini sasa waniandikia unakuja harusini, nikuulizie pale Mkomani, sasa nyumba ya wageni, chumba ni bei gani kwa usiku, ungependa watoto walale alikolala bibi yao. Sitauliza. Namba zao ziko kwenye intaneti, na Kiingereza unakijua.

Kwangu Wiyoni kuna vyumba viwili na feni. Mkeo na wasichana watalala hapa, ingawa wiki ya harusi wanawake watajaa hadi ukumbini. Wewe na mvulana mtakwenda kwa ami, nimeshamwambia. Dawa za mbu mnunue Mombasa, hapa hupanda bei msimu wa wageni. Na ile sinia ya shaba ya mama uliyoondoka nayo, uje nayo. Bibi harusi ataihitaji.