Jedwali lenu la bei za magari used limeacha kitu kikubwa

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Makala yenu ya magari madogo ya familia nimeisoma yote na lile jedwali la bei nimelikata nimeliweka, kazi nzuri, ila kuna kitu hamjakigusa kabisa na ndo kinachowaumiza wanunuzi. Mmepanga bei kwa mwaka wa gari na kilomita, basi. Msomaji anaondoka akiamini gari yenye kilomita chache lazima iwe ghali na yenye kilomita nyingi lazima iwe ya bei poa, na wauzaji wanajua hivyo ndivyo tunavyofikiri, kwa hiyo wanatuuzia namba badala ya gari.

Tuanze na hizo kilomita. Gari ya familia mara nyingi inatembea kama kilomita 10,000 hadi 20,000 kwa mwaka, kazini, shule, sokoni na safari mbili tatu za mbali. Sasa unaletewa gari ya miaka 10 dashibodi inasoma 45,000, piga hesabu, hiyo ni 4,500 kwa mwaka, yaani kama 12 kwa siku. Inawezekana, wapo watu gari inatoka wikiendi tu, lakini odomita ya digitali, ile inayohesabu kilomita, mtu mwenye kifaa chake anairudisha nyuma kwa dakika chache na humwoni. Wanachosahau kukirudisha ni mpira wa pedali ya breki. Inama uuangalie pale chini. Ukikuta umelika upande mmoja mpaka mistari imepotea, stelingi inang'aa kama imepakwa mafuta, kiti cha dereva kimebonyea upande wa mlangoni, ujue hizo 45,000 ziko kwenye kioo tu. Na ukikuta mpira mpyaaa kwenye gari kuukuu, hilo nalo ni jibu.

Haya, tuseme kilomita ni za kweli. Bado mi sioni kwa nini nilipie ziada kubwa namna hiyo. Gari kulala sana nako kunaiharibu. Mkanda wa taimingi kwa mfano, ule wa kwenye injini unaofanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio, watengenezaji wanatoa muda wa kuubadilisha kwa kilomita au kwa miaka, kinachotangulia, kwa sababu mpira unazeeka hata gari ikiwa imesimama, na kwenye injini nyingi ukikatika valvu zinagonga pistoni, hapo hauongelei tena mkanda unaongelea injini. Injini zenye cheni badala ya mkanda zina nafuu ila nazo zinataka oili ibadilishwe kwa wakati. Tairi hivyo hivyo. Ubavuni baada ya herufi DOT kuna namba nne za mwisho, ukisoma 2317 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi inaonekana nene, nyeusi, imepigwa polishi, kumbe ina miaka yake, na baadhi ya watengenezaji wenyewe wanasema ikifika miaka 10 itolewe hata kama haijaisha. Nani ananunua hizo nne mpya? Wewe.

Ndo maana nasema bei ya gari used ni bei ya kununulia ukijumlisha na vitu itakavyokudai ndani ya mwaka wa kwanza. Mimi nikimtafutia gari ndugu au rafiki nafanya hivi. Naangalia matangazo mengi ya gari ileile, mwaka uleule, injini na gia boksi ileile, natupa ya juu kabisa na ya chini kabisa, ile ya katikati ndo naanzia, nikikumbuka hiyo ni bei wanayoitaka na siyo waliyolipwa. Tangazo lililokaa muda mrefu bila gari kuuzwa linakwambia bei hiyo watu wameikataa. Halafu fundi wangu, sio wa muuzaji jamani, anaandika kila kinachotaka kubadilishwa, mkanda, pedi, shoko, bushi, tairi, betri, tunauliza bei za spea na ufundi, tunazitoa kwenye ile bei ya katikati. Kama matengenezo yanafika asilimia 15 ya bei basi tunashuka asilimia 15 na karatasi tunamwonyesha. Mwenye gari yenye kilomita 160,000 na risiti za sevisi zote, mkanda na pampu ya maji vimebadilishwa juzi, mara nyingi anakuwa na gari bora kuliko yule wa 45,000 asiye na karatasi hata moja, ingawa kwenye jedwali lenu inaonekana kinyume.

Kuhusu kuikagua, moja tu naisisitiza, ikute injini ya baridi. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika weka mkono kwenye boneti, ikiwa ya moto uliza kwa nini. Injini ya moto inaficha mengi. Washa switchi bila kupiga stata, taa ya injini lazima iwake halafu ukishawasha gari izime yenyewe, kama haiwaki kabisa kuna mtu ameizima makusudi. Moshi wa bluu inakula oili, moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto, na maji ya radieta yanapungua, hapo fikiria gasketi ya silinda hedi imeungua. Ukifungua mfuniko wa oili ukakuta utando wa rangi ya maziwa usikimbie hapohapo, gari ya safari fupi fupi inapata hiyo kwa unyevu, ila fundi athibitishe. Na akipima kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari asiridhike kuona hakuna kosa, mashine inaonyesha pia kama gari imeshamaliza kujipima yenyewe, ikisema bado inawezekana kabisa makosa yamefutwa asubuhi hiyo.

Vuta mkanda wa siti mpaka mwisho. Mstari wa tope kule ndani unakoanzia ni gari iliyozama maji, hiyo hata wakupunguzie nusu achana nayo. Bolti za fenda zilizokwanguliwa rangi, fenda imetolewa, uliza sababu. Na kwa kuwa ni ya familia beba familia, funga kiti cha mtoto, kaa watu watatu nyuma, maana gari nyingi ndogo zinaandikwa za watu watano na yule wa katikati anateseka magoti kidevuni.

Sasa ombi langu Mhariri. Jedwali lijalo tuongezeeni safu tatu: injini ni ya mkanda au ya cheni, gia boksi ni ya aina gani maana CVT, ile otomatiki isiyo na gia za kuhesabika, inataka oili yake maalumu na kuitengeneza sio mchezo, na saizi ya tairi kwa sababu ya inchi 14 na ya inchi 17 haziuzwi bei moja. Mkikosa nafasi, ile safu ya rangi ya gari itoeni.

Msomaji wenu wa siku nyingi