Wito wa harambee: dozi ya pili ya chanjo ya homa ya ini B kwa ndugu zetu wa vijiji vya ziwani, Mwamgongo na Kagunga

Ndugu wana-Kigoma, mlio nyumbani na mlio Dar, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Tunaona haya kurudi kwenu mapema hivi. Mlituchangia vipimo na dozi ya kwanza, wengine mkiwa na ada za watoto shingoni, na hatujasahau. Lakini chanjo ya homa ya ini B kwa mtu mzima ni dozi tatu: ya pili mwezi mmoja baada ya kwanza, ya tatu kwenye mwezi wa sita. Zamu ya dozi ya pili imefika, na mfukoni hatuna hela ya chanjo wala ya mafuta ya boti. Ikichelewa mtu haanzi upya, ila anaendelea kuishi bila kinga kamili.

Kazi hii ilianzia kwa vijana wachache wakiongea na vinyozi wa Ujiji kuhusu wembe, maana kirusi hiki hukaa hai nje ya mwili hata siku 7. Leo tunao akina mama wa vikoba, walimu wa madrasa, wanakwaya na wavuvi, wote wa kujitolea. Wanaochoma sindano ni wauguzi; sisi tunahamasisha na kubeba makasha ya barafu.

Kuna mama muuza dagaa aliyepimwa akakutwa na virusi. Nyumbani kikombe chake kikafungwa uzi mwekundu mkononi ili mwingine asikinywee, na wanawe wakakatazwa kula naye sinia moja. Jamani, homa hii haipiti kwenye kikombe wala sinia! Inapita kwenye damu, kwenye tendo la ndoa, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Wenzetu walikaa na familia ile mpaka mumewe mwenyewe akaukata uzi. Sasa mama huyo ndiye anayewaita wenzake mwaloni waje kupima, na wanamsikiliza kuliko sisi.

Watoto wachanga nchini walianza kupewa chanjo hii mwaka 2002. Sisi tuliozaliwa kabla, wengi hatukuipata. Shirika la Afya Duniani linakadiria homa hii iliua watu milioni 1.1 mwaka 2022.

Watu wa mwisho wa reli tunajua kuchanga. Kadi ya harusi ikitufikia, ahadi hailali. Tunaomba moyo huohuo, hata kama ni elfu mbili. Na wale walioahidi mara iliyopita, daftari bado liko wazi, tunawasubiri kwa heshima.

Mapato na matumizi yatasomwa msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili, risiti zikiwepo. Michango apokee mweka hazina wetu peke yake, naye atakuandikia stakabadhi hapohapo. Mwenye boti anayeweza kutubeba kutoka Kibirizi kwa bei ya mafuta tu, tafadhali amwone mapema, kwa kuwa chanjo ikishatoka kwenye jokofu haingojei abiria.