Kabla hujalehemu, kabla hujapima kilo, uliza

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wenzangu wa Tanga, pamoja na vijana wanaozunguka na mizani kununua vyuma chakavu.

Kazi yangu ni kulehemu vyombo vya shaba hapa Ngamiani: midila ya wauza kahawa, masinia, misumari ya milango ya kale. Huletewa pia sanamu za miungu ya Wahindu, maana wenzetu hao tumeishi nao mjini hapa tangu enzi za mababu. Mimi ni Mwislamu, ibada ile si yangu. Lakini kitu cha mtu kikishafika mezani kwangu ni amana, na mwaka jana amana hiyo niliiharibu.

Mama mmoja wa Kihindi, mjane, aliniletea Ganesha wa shaba ya njano, urefu wake kama shubiri. Kitako kilikuwa kimeachia. Nikamkabidhi kijana wangu, nikaenda msibani Pangani. Niliporudi nikakuta kitako kimekaa barabara. Kisha nikaona pembe. Ganesha ana kichwa cha tembo. Pembe yake moja nzima, ya pili imekatika. Kijana alidhani ni kasoro, akaijazia lehemu na kuipiga tupa mpaka zikalingana. Alifanya kwa moyo safi, hata bei hakuongeza.

Mama yule alipokuja aliishika sanamu kwa mikono miwili, akanyamaza. Halafu akanionyesha mkono mmoja kati ya ile minne. Kiganjani mlikuwa na kijiti kifupi kilichochongoka, nami siku zote nilikiona pambo tu. "Fundi, kipande chake ndiyo hiki," akaniambia. Katika masimulizi yao, Ganesha alikuwa akiandika Mahabharata, utenzi wao mkubwa wa kale, huku mzee Vyasa akimtamkia, kalamu ikavunjika, naye akakata pembe yake akaendelea kuandikia, maneno yasikatike. Wapo wanaosimulia kwamba ilikatwa na shoka la shujaa Parashurama. Kwa vyovyote, moja ya majina yake ni Ekadanta, mwenye jino moja. Nilikaa saa mbili nikiitoa lehemu ile. Alama ya tupa ipo mpaka leo. Hakunidai kitu, na hilo liliniuma zaidi.

Nilimshukuru Mungu kwamba kijana hakugusa uso. Paji lilikuwa limelika likawa laini kabisa, kwa vidole vya watu wa nyumba ile waliokuwa wakilipaka unga mwekundu siku hadi siku. Brashi ya waya ingeyafuta yote kwa dakika tano.

Na wapo mafundi wanaosafishia maji ya betri. Jamani, acheni. Shaba ya njano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na asidi kali huila zinki kwanza, ikaacha mabaka mekundu yasiyosuguliki. Kwa vumbi, kitambaa cha pamba kikavu kinatosha. Maziwa na asali wanazoiogeshea sanamu katika ibada hujificha kwenye mikunjo na katikati ya vidole. Hapo tumia mswaki laini na maji ya uvuguvugu. Ikifubaa sana, ipake ukwaju uliolowekwa, usiuache ukae, isuuze kwa maji ya bomba wala si ya kisima chenye chumvi, kisha ikaushe hapohapo. Upepo wetu wa bahari hausamehe: ukiacha unyevu, kutu ya kijani inaanza. Bibi zetu walisugulia vyombo vya shaba ukwaju huohuo. Nilipomwambia mama yule, alicheka, akasema na kwao Gujarat ni hivyohivyo.

Mwezi uliopita kijana wa chakavu alinipitia na gunia. Ndani alikuwamo Nataraja, yaani mungu Shiva anayecheza dansi, duara lake la miali ya moto limevunjwa vipande vitatu ili aenee. Waliomuuzia walihamia nyumba wakaikuta, wakaogopa uchawi kwa sababu ya mtu mdogo aliyekanyagwa. Yule ni Apasmara, ambaye kwao ndiye ujinga, na mguu wa Shiva unamzuia asiinuke. Ngoma ndogo aliyoishika Shiva ni ya kuumba, moto wa mkononi ni wa kuteketeza, na kiganja kilichoinuliwa wazi humwambia mtu asiogope.

Nilimlipa kijana zaidi ya bei ya kilo, nikaipeleka sanamu hekaluni. Nawaomba wenye nyumba wafanye hivyo kabla ya kumwita mtu wa mizani, na mtu wa mizani naye aulize kabla ya kushika nyundo.

Vile vipande vitatu watu wa hekalu waliniachia mimi, nimevifunga kwenye kanga. Nimewauliza kama niviunge au vibaki hivyo, na wamesema watashauriana. Mpaka leo sijawasha moto.

Fundi wa shaba,
Ngamiani, Tanga