Kabla ya kuzipigia ramli kesi za vigogo

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme neno juu ya klipu zinazozunguka katika makundi ya WhatsApp hapa Tanga. Ikiundwa kamati ya uchunguzi leo, au TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ikitangaza kuwa inamhoji kigogo fulani, kesho yake anatokea mtu mbele ya kitambaa cheusi, anachanganya karata za taroti na kututangazia mwisho wa shauri. Wengine wanapiga ramli ile ile ya wazee, ila sasa mbele ya kamera. Barazani watu wanagawanyika, hawa wanaamini, wale wanacheka, na ubishi hauishi kwa sababu pande zote mbili zinagombania karata. Kosa lenyewe huwa limeshafanyika kabla karata haijafunuliwa, pale swali lilipotungwa.

Tuanze na mfano wa mbali, maana wa mbali hauna hasira. Mei 17, 2017 Robert Mueller aliteuliwa kuwa mwanasheria maalumu wa kuchunguza namna Urusi ilivyoingilia uchaguzi wa Marekani wa 2016. Kwa karibu miaka miwili wasoma karata wa huko walikuwa wakiulizwa jambo moja: Rais Trump atashtakiwa au hatashtakiwa? Lakini Wizara ya Sheria ya Marekani ilikuwa na msimamo wa maandishi tangu 1973, ukathibitishwa tena mwaka 2000, kwamba Rais aliye madarakani hafunguliwi mashtaka ya jinai. Mueller alifanya kazi chini ya wizara hiyo hiyo. Kwa hiyo waliuliza kama mtu atapita kwenye mlango uliokwisha pigwa kufuli. Ripoti ilikabidhiwa Machi 22, 2019. Siku mbili baadaye Mwanasheria Mkuu William Barr akatoa barua ya kurasa nne, na ripoti yenyewe, kurasa 448 zenye sehemu nyingi zilizofunikwa kwa wino mweusi, ikatoka Aprili 18. Kuhusu tuhuma kwamba Rais alizuia haki isitendeke, ilisema haihitimishi kwamba Rais alitenda jinai, na wala haimsafishi.

Sasa hebu mpe alama msomaji aliyesema atatiwa hatiani. Kakosa. Na aliyesema atasafishwa? Naye kakosa. Aliyefunua karata ya Haki akasema "sheria itachukua mkondo wake" huyo humkamati popote, kwa sababu hakusema kitu.

Kwetu milango ni mingi kuliko hiyo, na anayetaka kutabiri sharti aijue kwa mpangilio. Ripoti ya CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, humfikia Rais mwishoni mwa Machi, kisha hupelekwa bungeni. Hoja ya ukaguzi si shtaka. Kamati ya Bunge inaweza kuchunguza na kupendekeza, lakini haihukumu mtu kifungo. TAKUKURU inapeleleza, ila kwa makosa mengi yaliyomo katika sheria yake ya mwaka 2007 haiendi mahakamani bila kibali cha maandishi cha Mkurugenzi wa Mashtaka, yaani DPP. Jalada likifika kwake laweza kurudishwa kwa upelelezi zaidi, laweza kufungwa, laweza kupata kibali. Likifika mahakamani huenda kukawa na miezi, pengine miaka, ya "upelelezi haujakamilika". Hapo DPP bado ana mamlaka ya kuondoa mashtaka, na tangu 2019 sheria inaruhusu mshtakiwa kuingia makubaliano ya kukiri kosa. Baada ya yote hayo ndipo hukumu, na baada ya hukumu kuna rufaa.

Sakata la Richmond, la mkataba wa umeme wa dharura, lilionyesha hivyo. Kamati Teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe iliwasilisha ripoti Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, Baraza la Mawaziri likavunjwa. Kwa jambo hilo hakupandishwa kizimbani, na mwaka 2015 aligombea urais. Mpiga ramli aliyeulizwa "atapona?" angejibu nini ambacho kisingekuwa kweli kwa upande mmoja na uongo kwa upande wa pili? Na sakata la akaunti ya Escrow ya Tegeta, la fedha za umeme zilizotolewa Benki Kuu, ni darasa zima. Bunge lilijadili ripoti ya PAC, kamati yake ya hesabu za serikali, Novemba 2014. Mwanasheria Mkuu akajiuzulu Desemba, waziri mmoja akatenguliwa mwezi huo huo, mwingine akajiuzulu Januari 2015. Wafanyabiashara wawili walifikishwa Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, Juni 2017, miaka miwili na nusu baada ya kelele za bungeni. Mwaka 2021 mmoja alimaliza kwa makubaliano na upande wa mashtaka, na mwingine DPP akamfutia mashtaka. Jambo moja limetoa kujiuzulu, kutenguliwa, kushtakiwa, makubaliano na kufutiwa. Mtabiri asipotaja ni tokeo lipi, la nani, na kufikia lini, katika bahari hiyo hakosi kuvua chochote akadai ndicho alichokitabiri.

Swali linalofaa linaandikwa hivi: "Je, kufikia Juni 30, jalada la shauri hili litakuwa limefunguliwa kama kesi mahakamani?" Lina ndiyo au hapana, lina tarehe, na kila mtu anaweza kwenda kuangalia. "Haki itatendeka?" si swali, ni dua.

Tuje kwenye karata zenyewe. Taroti ni karata 78: kubwa 22, ndogo 56 za makundi manne. Aliyezoea karata za kawaida barazani hatapotea, maana panga ndiyo shupaza, vikombe ndiyo kopa, sarafu ndiyo uru na fimbo ndiyo pao, isipokuwa kila kundi lina karata 14 badala ya 13. Zilianza kama mchezo kaskazini mwa Italia katika karne ya 15. Mambo ya kuagulia yalienea Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18. Jihadhari na namba: katika seti nyingi za kisasa, zinazofuata ile ya London ya 1909, Haki ni ya 11, lakini katika seti ya Marseille ni ya 8. Wapo wanaosoma maelezo ya seti moja huku mkononi wameshika nyingine.

Kwenye kesi za siasa, karata zinazotangazwa kwa mbwembwe ni tatu: Haki, Hukumu na Mnara. Ikitoka mojawapo, msomaji anashika kifua. Lakini piga hesabu. Katika mpangilio maarufu wa karata kumi, uwezekano wa kuona angalau moja ya hizo tatu ni asilimia 34, uwe unauliza habari za waziri au za mbuzi aliyepotea Pongwe. Panga, ambazo husomwa kama ugomvi, hila na mahakama, hutokea angalau moja kwa asilimia 88. Kisha kuna tabia ya kuongeza "karata za ufafanuzi" jibu lisipopendeza. Ukiongeza tatu juu ya kumi, zile asilimia 34 zinafika karibu 43. Ukitumia karata tatu tu bila nyongeza, zinashuka hadi 11. Ndiyo maana anayefanya kazi hii kwa uangalifu hutumia chache: ya kwanza kwa ushahidi uliokwisha kusanywa, ya pili kwa aliyeshika jalada, ya tatu kwa kinachochelewesha. Maana ya kila nafasi inaandikwa kabla ya kuchanganya. Kama karata iliyopinduka itasomwa kinyume, hilo nalo liamuliwe mapema, si baada ya kuiona.

Ramli ina nidhamu kuliko taroti, na nasikitika kuona inavyofanywa ovyo kwenye simu. Mpigaji anatia mistari 16 ya nukta bila kuhesabu, anazifuta mbili mbili, kila mstari unabaki na moja au mbili. Mistari minne minne inatoa sura nne za kwanza, zile mama. Mabinti wanne wanapatikana kwa kuzisoma mama kwa upana: mistari ya juu ya mama zote inakuwa binti wa kwanza, na kuendelea. Baada ya hapo sura zinajumlishwa mbili mbili, moja na moja ni mbili, moja na mbili ni moja, mpaka zinabaki mashahidi wawili, na hao wakijumlishwa inapatikana mizani. Kuna maumbo 16, lakini mizani inaweza kuwa mojawapo ya manane tu. Kwa kuwa mabinti ni nukta zile zile za mama zilizopangwa upya, kila nukta imeingia mara mbili, na jumla ya nukta za mizani haiwezi kuwa witiri. Bao likitoa mizani yenye nukta tano au saba, mpigaji amekosea kujumlisha, na alichosema juu yake hakina msingi hata kwa kanuni za ramli yenyewe. Simamisha klipu uhesabu nukta.

Na umbo la Ukla, moja-mbili-mbili-moja, ambalo husomwa kuwa kifungo, ni mojawapo ya hayo manane. Linaangukia kwenye mizani mara moja katika kila mabao manane kwa wastani. Ukipiga ramli ya vigogo wanane, mmoja ataonekana yuko gerezani, awe na hatia au awe amelala zake Raskazone.

Hisia ni habari nyingine, nami siidharau. Mvuvi wa pale Deep Sea akitazama mawingu akasema hatutoki leo, msikilize: ametazama mawingu yale maelfu ya mara na kila mara jibu lilikuja siku ile ile. Hisia ya kweli hujengwa namna hiyo, kwa mambo yanayojirudia na majibu yanayofika upesi. Uchunguzi wa kisiasa hauna hata kimoja. Hutokea kwa nadra, kila mmoja una sura yake, na jibu laweza kuchukua miaka saba kama tulivyoona. Karani wa mahakama aliyepokea majalada miaka ishirini ana hisia inayofaa kuhusu kesi kuahirishwa. Hisia ya shabiki wa chama kuhusu mpinzani wake ni matamanio yaliyovaa kanzu. Mganga hajigangi, na mwenye upande asijisomee.

Anayetaka kujua kama karata au hisia zinamsaidia, njia ipo na gharama yake ni daftari moja. Andika swali na tarehe yake ya mwisho. Andika makadirio yako bila karata, mathalani asilimia 30. Funua karata, andika makadirio mapya, tuseme 80. Usirekebishe tena. Siku ikifika, geuza asilimia kuwa sehemu ya moja: jambo likitokea toa makadirio kwenye 1, lisipotokea toa 0 kwenye makadirio, kisha zidisha tokeo kwa lenyewe. Uliyesema 80 likatokea unapata 0.04, lisipotokea 0.64. Anayesema nusu kwa nusu kila siku anapata 0.25 bila jasho. Alama ndogo ndiyo bora. Fanya hivyo kwa maswali ishirini hivi, linganisha wastani wa safu mbili, ya bila karata na ya baada ya karata. Wengi huacha daftari kwenye swali la tano, na sababu tunaijua.

Liko pia jambo lisilo la mzaha. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza kumtendea mshtakiwa kama mwenye kosa mpaka ithibitike. Klipu inayomtaja mtu kwa jina, kwa sababu tu Mnara ulitoka, ni ramli chonganishi, na tunajua ramli chonganishi zimewafanya nini vikongwe na watu wenye ualbino katika nchi hii. Anayetaka kusoma karata asome mwenendo wa taasisi: jalada litachelewa, ripoti itasomwa hadharani au haitasomwa. Asisome hatia ya mtu.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Gazeti lako likichapisha tena utabiri wa shauri lolote, wa karata, wa nyota au wa mchambuzi mwenye tai, mlazimishe mtabiri atoe sentensi moja yenye tokeo, tarehe na asilimia. Itunze. Tarehe ikifika, ichapishe tena ukurasa ule ule, kwa herufi za ukubwa ule ule, na pembeni yake kilichotokea.

Msomaji wako,
Barabara ya 14, Ngamiani, Tanga