Una fedha ya spea moja tu: ununue ipi?

Kompyuta ikianza kujikokota, wateja wengi hufika kwetu wakiwa wameshaamua: wanataka RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi. Wengine wameshainunua kabisa. Subiri kwanza. Mashine ikiwa imeelemewa, bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye Windows litafunguka dirisha la Task Manager. Ukikuta diski imeganda kwenye asilimia 100 huku prosesa haina kazi kubwa, tatizo huenda liko kwenye diski. Lakini tupia jicho na kumbukumbu. RAM ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, na hapo diski itasingiziwa kosa lisilo lake.

Kwa laptopu ambayo bado inatumia diski ya kuzunguka, ushauri wetu hauyumbi: SSD kwanza, yaani diski ya kisasa isiyozunguka. Diski za laptopu nyingi za zamani huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea hulazimika kusafiri hadi mahali faili lilipo. Safari hiyo huchukua zaidi ya milisekunde 10. SSD haina kinachosogea ndani yake, hivyo hufika kwa karibu milisekunde 0.1. Windows inapowaka husoma mafaili madogo kwa maelfu, kwa hiyo tofauti utaiona asubuhi ya kwanza tu. Wala huhitaji SSD ya bei kali. Njia ya SATA, inayounganisha diski na kompyuta, haipitishi zaidi ya takriban MB 550 kwa sekunde, na SSD za kawaida zinakaribia kiwango hicho. Nafasi ya GB 256 inawatosha wengi. Diski ya zamani, kama bado nzima, iwekee kasha la USB ikuhifadhie picha na nyaraka.

Hadhari moja hapa. Mashine nyingine zina soketi ya M.2, na SSD zinazoingia humo ni za aina mbili: SATA, na NVMe ambayo ni ya kasi zaidi. Kwa umbo zinakaribiana mno, lakini soketi nyingi hupokea aina moja tu. Soma mwongozo wa modeli yako kabla ya kulipa.

Sasa RAM. Kutoka GB 4 kwenda 8, unafuu ni mkubwa. Kutoka 8 kwenda 16, ni kwa anayehariri video au anayefungua kurasa hamsini na kukataa kufunga hata moja. RAM ya kizazi cha DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, pengo lake liko mahali tofauti, kwa hiyo usilazimishe. Zipo pia DDR3L za volti 1.35, na baadhi ya laptopu hazipokei zile za volti 1.5. Ukichanganya vipande vya kasi tofauti, kwa kawaida vyote vitafuata kasi ya kile cha polepole. Na laptopu nyembamba nyingi RAM yake imechomelewa kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), hiyo haiongezeki.

RAM iliyotumika tunaikubali bila wasiwasi mwingi, ilimradi ipimwe kwa programu ya MemTest86 na isitoe hitilafu hata moja. Diski iliyotumika ni habari nyingine: fungua CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski, mbele ya muuzaji, na ukiona imeandika tahadhari, mrudishie. Betri iliyotumika usinunue. Betri huzeeka hata ikikaa kabatini, na iliyovimba ni hatari ya moto.

Usibane matumizi kwenye umeme. Pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta ya mezani) ya bei ya kutupwa mara nyingi haitoi wati zilizoandikwa kwenye lebo, na ikifa inaweza kuondoka na mazabodi. Chaja ya laptopu nayo iwe na volti zilezile za chaja ya awali; ampea ziwe sawa au zaidi, zisipungue.

Kabla ya kudhani mashine imekufa, angalia saa yake. Ikiwa tarehe inarudi nyuma kila ukiizima na tovuti zinagoma kufunguka, huenda ni kibetri cha CR2032 kinachotunza saa tu, kidogo kama sarafu. Ni mojawapo ya spea rahisi kuliko zote.

Kuna mashine tunazokushauri usizitie fedha nyingi. Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida ya Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), na prosesa karibu zote za Intel za kabla ya kizazi cha 8 hazimo kwenye orodha yake. Kwa mashine ya namna hiyo SSD bado ina maana, kwa sababu utaihamishia kwenye kompyuta nyingine baadaye. Kioo kipya au mazabodi mpya havihamishiki hivyo.

Ukija kuulizia spea, njoo na namba ya modeli iliyo chini ya laptopu, pamoja na kipande cha zamani chenyewe. Jina la kampuni peke yake halitusaidii kukupa kinachoingia.