Kiingereza cha mapambo hakimshushi mgeni mlimani

Ndugu Mhariri, naomba kanafasi niseme hili la Kiingereza kwa vijana wanaotafuta kazi za utalii hapa Moshi, maana hela wanatoa na faida wanayopata siioni.

Kuna vijitabu vya maneno magumu vinauzwa mtaani, siku hizi kuna mpaka magrupu ya WhatsApp, unalipia unatumiwa maneno kumi kila asubuhi, na yenyewe ni yale marefu marefu ambayo hata mzungu anaweza kumaliza mwaka hajayatamka. Kijana anakariri, akifika kijiweni anayamwaga, washkaji wanasema jamaa ng'eng'e imemkaa. Haya, mpandishe mlimani sasa.

Mi nimefanya kazi njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro miaka mingi na kinachotutesa kule juu ni maneno madogo. Umefika kambi ya Horombo, mita 3,720, mgeni kichwa kinamgonga, chakula hataki, anasikia kizunguzungu, mlima huo umeanza kumkataa, akizidiwa afu mkaendelea kupanda anaweza kukufia mikononi. Nilimshuhudia kijana mmoja anaambiwa na mgeni "I'm short of breath", yaani pumzi inambana, akabaki anacheka, "short" anaijua, "breath" si ngeni kwake, zikikaa pamoja zikamshinda, akajibu no problem, pole pole. Bahati nzuri kiongozi mkuu wa msafara alikuwa karibu akasikia.

Kuna Muingereza anaitwa Michael West, huyu alifundisha sana Bengal, India ya enzi za ukoloni, mwaka 1953 akatoa orodha ya maneno kama 2,000 yanayotumika zaidi, na waliokuja kupima baadae wakakuta yanabeba kama asilimia 80 ya maandishi ya kawaida. Elfu mbili tu jamani! Hayo bado hujayamaliza unakimbilia neno ambalo utazeeka hujakutana nalo tena?

Alafu neno halikai kwa kusomwa mara moja. Mjerumani Ebbinghaus alijipima mwenyewe kumbukumbu yake, matokeo akayatoa 1885, akaona mtu anasahau haraka sana mwanzoni, ila ukirudia kwa kuachia nafasi vinaganda. Sasa maneno kumi mapya kila siku bila kurudi nyuma unajaza ndoo iliyotoboka. Bora matano, uyarudie kesho, uyarudie wiki ijayo, na uyaandike ndani ya sentensi nzima kama mgeni alivyosema, kidaftari cha mfukoni kinatosha. Na visomwe vile vihadithi vyepesi vya Kiingereza, watu wanaviona vya kitoto lakini humo ndo neno lilelile linakurudia kila ukurasa mpaka unalizoea.

Simlaumu kijana kwa kweli. Kasoma kwa Kiswahili mpaka la saba, kaingia form one bailojia inakuja kwa Kiingereza, akakariri ili afaulu, kukariri ndo kazoea, vijitabu lazima viuzike.

Ila kampuni za utalii nazo wakati wa intavyuu ziache kumuuliza mtu ajielezee, hayo kila mtu kayameza, wamchezee igizo la mgeni anayeumwa waone atauliza nini. Na nyie gazeti mkitupa kakona kila wiki, aya moja ya Kiingereza chepesi na maneno matano chini yake, ya mlimani ya kuanzia mi ninayo kwenye daftari, ntawaletea bure.

Msomaji wenu,
Moshi